Dafodili za Wordsworth, zikisomwa kutoka Timau

Kuna lalamiko ambalo kila aliyesomea fasihi nchini Kenya amelisikia. Ati mkoloni aliwakaririsha watoto wa Kiafrika shairi la William Wordsworth kuhusu dafodili, ua la manjano la Uingereza ambalo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliona. Lalamiko ni la kweli. Lakini limerudiwa hadi limekuwa kama wimbo wa harusi, unaimbwa hata na wasiomjua bwana harusi. Wengi wetu tunaolirudia mtandaoni hatukuchapwa kwa ajili ya shairi hilo. Mimi nilikutana nalo chuoni, mwaka wa pili, muda mfupi kabla karo haijanitoa darasani, na tayari lilikuja na maelezo yake: hili ndilo shairi baya, mnapaswa kulichukia.

Shida yangu ni ile hoja ya "hatujaliona". Kwani ni lazima uone ndipo upende? Nyanya zetu hapa Timau waliimba kanisani kuhusu mto Yordani maisha yao yote, na hakuna aliyewaambia wangoje kwanza wapate viza. Kule Pwani wapo wasichana wanaoitwa Nargis, na nargis ni ua la jamii hiyohiyo ya dafodili, jina lililokuja kutoka Uajemi na Uarabuni bila kumchapa mtu. Ua geni likija kwa mapenzi tunalipokea. Hata ule waraka maarufu wa Oktoba 1968, ambao Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliuandikia Chuo Kikuu cha Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, haukusema vitabu vya wazungu vichomwe. Ulisema Afrika iwe katikati, na vingine vifuate. Basi mimi nasoma kutoka katikati yangu, ambayo ni Timau, kwenye barabara ya kutoka Nanyuki kwenda Meru, mlima ukiwa upande mmoja na mashamba ya ngano upande mwingine.

Ukisomea hapa, kitu cha kwanza unachogundua ni kwamba anayekosekana si ua, ni msimu. Tunguu la dafodili linahitaji wiki 12 hadi 16 za baridi ardhini kabla halijakubali kuchanua vizuri. Baridi tunayo, walai, tunaweza kuiuza. Lakini baridi yetu huja usiku, ikifika saa nne asubuhi umeshavua jaketi. Panda juu mlimani, ukipita mita 4,000, na hali inazidi: usiku barafu, mchana jua kali, mwaka mzima. Lobelia kubwa za kule juu hufunga majani yake jioni kulinda kichipukizi kilicho katikati, kisha asubuhi zinafungua. Majira ya kuchipua ya mlima wetu huchukua saa kumi na mbili.

Wordsworth yeye alikuwa amengoja miezi. Ile furaha ya shairi lake ni ya mtu aliyetoka kwenye giza refu, miti mitupu, jua linalozama saa kumi jioni. Vitabu vya shule viliandika pembeni "dafodili: ua la manjano", vikadhani vimeeleza. Kumbe kilichohitaji kuelezwa ni kungoja. Mtoto wa Timau angeelewa upesi tu. Mwambie ni kama mvua ya kwanza baada ya kiangazi kilichomaliza ng'ombe, ile harufu ya vumbi likilowa, watu wazima wakitoka nje kusimama tu. Hakuna mwalimu aliyemwambia hivyo, na hilo ndilo kosa ninaloweza kulithibitisha.

Aliyeandika vizuri zaidi kuhusu kidonda chenyewe ni Jamaica Kincaid wa Antigua. Katika riwaya yake ya *Lucy* ya 1990, msichana kutoka kisiwani aliyekwenda Marekani kulea watoto anapelekwa bustanini na mwajiri wake, macho yamefungwa kitambaa, ili ashtukizwe na dafodili zilizochanua. Mwajiri anafikiri anampa zawadi. Lucy anatamani fyekeo. Alikariri shairi hilo akiwa na miaka kumi, akashangiliwa, na usiku akaota maua yakimkimbiza. Naipenda sana sehemu hiyo kwa sababu Kincaid hamdhihaki huyo mwanamke mzungu: nia yake ni njema kabisa, ndiyo maana inauma. Halafu Kincaid mwenyewe, miaka ikapita, akawa mtu wa bustani na kuzipanda dafodili kwa wingi nyumbani kwake Vermont. Wengine wanaona amesalimu amri. Mimi naona amepata kitu ambacho Lucy hakuwa nacho: ardhi yake mwenyewe, na jioni isiyo na mtoto wa mwenyewe wa kulea.

Na hapo ndipo shairi linaponigusa mimi. Timau ina maua kuliko bonde lolote la Wordsworth. Yeye alihesabu elfu kumi kwa kukadiria, sisi tunahesabu kweli. Baada ya chuo niligredi waridi kwa msimu mmoja katika shamba moja la huku. Unashika shina, unalipima, sentimita hamsini huku, sitini kule, themanini kando. Huku juu baridi huchelewesha ua, ndiyo maana kichwa chake huwa kikubwa na shina refu, na bei yake nzuri. Waridi hukatwa likiwa limefumba. Linaingia chumba cha baridi, linashuka kwa lori hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, linafunguka kwenye meza ya mtu Ulaya. Likifunguka mikononi mwako ni rijekti. Fikiria: kazi yako yote ni maua, na ua lililochanua ndilo hasara. Februari, kabla ya tarehe 14, hakuna aliye na nafasi hata ya kuliita zuri.

Kwa hiyo kinachonishangaza katika shairi si dafodili. Ni huyu mwanamume anayetembea bila haraka, anayetazama maua yasiyo ya mtu, halafu anarudi nyumbani, anajilaza kwenye kochi na kuyafurahia tena bure. Anatumia hata neno la mali, anasema hakujua ametajirika kiasi gani. Kutembea huko kulikuwa na mfadhili: rafiki yake Raisley Calvert alifariki 1795 na kumwachia pauni 900. Simwonei wivu. Nadai tu na wengine walipiwe. Ukitaka kukaa mbele ya maua ya umma huku mlimani, ya kutazamwa tu, unaweza kwenda Nyeri mjini, Whispers Park, iliyopewa jina la safu ya Wahome Mutahi. Nenda saa saba mchana uone ni nani waliolala kwenye nyasi. Si washairi. Ni watu waliochoka.

Uchovu huo ulikuwepo hata Ullswater, ila aliyeuona ni mwingine. Siku yenyewe ilikuwa 15 Aprili 1802, na William hakuwa peke yake kama anavyodai. Alikuwa na dada yake Dorothy, aliyeandika yote kwenye shajara ambayo haikuchapishwa akiwa hai. William alitunga shairi miaka miwili baadaye na kulichapisha 1807. Mistari miwili aliyoiona kuwa bora, ile inayosifu upweke, alikiri kwamba ilitoka kwa mke wake, Mary. Shairi la mpweke, limeshikwa na watu watatu!

Dorothy anaona upepo mkali, anaona maua machache kwanza kisha mengi, na anaona kwamba baadhi yameegemeza vichwa kwenye mawe kama yaliyochoka, huku mengine yakicheza. William alichukua yale yanayocheza, akayaacha yaliyochoka. Kama mtu aliyewahi kusimama mezani akigredi hadi miguu ikafa ganzi, najua ni yupi kati yao ningemkabidhi ua. Ukurasa wa Dorothy ndio ungepaswa kuingia kwenye silabasi. Unaendelea hadi jioni: mvua inawanyeshea, wanaingia kwenye nyumba ya wageni wakiwa wamelowa, wanakula nyama ya nguruwe na viazi. Viazi! Chakula cha Timau kabisa, na William hakukipa hata mstari mmoja.