Pongezi kwa mafundi wa Vernissage

Soko la Vernissage jijini Yerevan lilianzishwa na wachoraji miaka ya 1980, walipoanza kutoa picha zao nje wauze wenyewe. Leo, hasa Jumamosi na Jumapili, meza zimejipanga hatua chache tu kutoka Uwanja wa Jamhuri: fedha iliyofuliwa, nguo za tarizi, mabao ya sataranji, makomamanga ya udongo wa kuchoma.

Pongezi zangu za kwanza ni kwa wafumaji wa mazulia. Geuza zulia utazame mgongo wake, maana huko ndiko kazi isikojificha. Kila uzi wa sufu umezungushwa kwenye nyuzi mbili za mtande na kufungwa fundo kwa mkono. Zulia moja huweza kula miezi mingi. Wekundu wa mazulia ya kale mara nyingi ulitokana na mizizi, na wa thamani zaidi na mdudu mdogo wa bonde la Ararat aitwaye vordan karmir.

Kisha kuna wachongaji wa duduk, zumari ya mti wa aprikoti, ambayo muziki wake umo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2008. Fundi hukupulizia kidogo kabla hujauliza bei, na sauti ile nzito, yenye majonzi, humaliza ubishi wote.

Ukifika, nunua kwa aliyetengeneza. Muulize amefanyaje, atakueleza kwa furaha, nawe ulipe bila kumbana mno.