Gari Lililokatwa Paa: Namna ya Kuutambua Ustadi wa Fundi

Anunuaye gari lililokatwa paa aghalabu huanza kwa turubai, akalikunja na kulikunjua, akaupapasa mshono wake na kuustaajabia wepesi wake. Ilhali turubai ni nguo tu, na ustadi wa kazi hii, kadhalika na hukumu ya sheria juu yake, umo katika chuma kilicho chini ya milango, ambacho mnunuzi hakioni mpaka apige magoti.

Magari mengi ya zama hizi hayana chesisi ya peke yake. Bodi nzima, paa likiwamo, ndiyo mifupa ibebayo uzito, na kulikata paa ni kukata kiungo, si kuvua kofia. Gari hulegea katikati, na dalili ya kwanza huonekana mlangoni. Lisimamishe mahali tambarare, uutazame upenyo baina ya ukingo wa mlango na bodi: ukiwa umebana juu na kuachia chini, bodi imekwisha pinda. Kisha liinuliwe kwa jeki upande mmoja, nawe uufungue mlango na kuufunga. Nilipata kuonyeshwa gari nchini Uingereza, rangi yake yang'aa kama kioo, ambalo mlango wake haukufungika mpaka jeki iliposhushwa. Nikamwonea huruma aliyekwisha kulilipia arubuni.

Mafundi wa kiwanda cha Karmann cha Osnabrück, Ujerumani, waliounda tangu 1949 hata 1980 zaidi ya Volkswagen 330,000 za mviringo zenye paa la kukunja, waliongeza vyuma chini ya milango, ijapokuwa gari lile lina sakafu imara ya peke yake, na likawa zito kuliko ndugu yake mwenye paa. Uzito huo ni sifa. Ajigambaye kuwa gari lake limekuwa jepesi baada ya kukatwa amekiri taksiri yake.

Tazama pia mkanda wa kiti. Nguzo iliyokatwa pamoja na paa aghalabu ndiyo iliyokuwa imeshika ncha ya juu ya mkanda, na fundi mvivu huihamishia chini, hata siku ya kugongana mkanda ukalivuta bega na kuubana uti wa mgongo. Utazame pia kinga ya vichwa: Volkswagen Golf ya 1979 yenye paa la kukunja ilipewa upinde wa chuma nyuma ya viti vya mbele, Wajerumani wakaiita kikapu cha stroberi. Upinde ule hulinda vichwa gari lipindukapo.

Kwa miaka mingi idara ya usajili ya Uingereza, DVLA, ilipima gari lililogeuzwa kwa alama: bodi isiyoguswa 5, usukani 2, injini 1, na kadhalika; lisilofikisha 8, zile 5 za bodi zikiwa shuruti, likapoteza nambari yake ya asili, likakaguliwa upya na aghalabu kupewa nambari ianzayo na Q. Kwa hiyo nambari ya asili juu ya bodi iliyokatwa isikufurahishe. Ulizia cheti cha ukaguzi, na barua ya bima inayotaja wazi kwamba paa limekatwa. Kisha umwombe fundi picha za vyuma alivyochomelea, zilizopigwa kabla ya rangi kuvifunika.