Mfinyanzi na Tanuri

Hotuba ya karne ya 2 iitwayo Waraka wa Pili wa Klementi, ingawa si waraka wala si ya Klementi, ina tashbihi inayomstahiki mshairi. Yeremia, sura ya 18, aliuacha udongo mikononi mwa mfinyanzi. Mhubiri huyu anaufikisha tanurini. Kabla ya moto, chombo kilichopinda hufinyangwa upya. Baada yake, fundi hana la kukisaidia. Basi tubuni mapema.

Elimu ya kauri yamwunga mkono: udongo uliokaushwa juani hurudi tope ukitiwa maji, uliopita nyuzijoto 600 hivi haurudi, kwani maji yaliyofungamana nao yamekwisha kutoka. Lakini mhubiri amekisahau kigae. Wafinyanzi hukisaga, wakakichanganya na udongo mbichi, na chungu kipya kikapata kustahimili moto. Tashbihi ni kweli. Ila imekomea tanurini, na ufinyanzi haukomei hapo.