Fundi wa Maskani

Ingia Azam Complex hapa Chamazi siku ambayo hakuna mechi, tepu mkononi, usimame kwenye mstari wa goli. Boksi dogo la golikipa lina upana wa mita 18 na ushee, na kina cha mita tano na nusu. Sasa fungua kitabu cha Kutoka. Maskani ambayo Waisraeli walimjengea Mungu jangwani ilikuwa na urefu wa dhiraa 30 na upana wa dhiraa 10. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, tuseme sentimita 45. Nyumba nzima basi, Patakatifu na Patakatifu pa Patakatifu, ilikuwa mita 13 na nusu kwa nne na nusu. Unaisimamisha ndani ya boksi la golikipa na nafasi inabaki. Hata ua wake, wenye madhabahu ya kuteketezea na birika la shaba, unalizidi boksi la penalti kwa mita chache tu kila upande.

Udogo huo ndio unaonizidishia heshima kwa aliyeijenga. Aliitwa Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda. Sura ya 31 inasema Mungu alimwita kwa jina lake na kumjaza roho yake, kisha inataja papo hapo kazi aliyopewa roho hiyo aifanye: dhahabu, fedha, shaba, vito, mbao. Ukiisoma Biblia tangu mwanzo, yeye ndiye wa kwanza kutajwa kwa jina kwamba Mungu amemjaza roho. Ibrahimu hakuelezwa hivyo, wala Musa mwenyewe. Akaongezewa Oholiabu wa kabila la Dani, mtarizi na mfumaji, na wote wawili wakatiwa moyoni uwezo wa kuwafundisha wengine. Hilo la kufundisha ninalipenda sana, kwa sababu nimewaona mafundi wanaomwita mwanagenzi achanganye zege na kubeba mbao, halafu wanamgeuzia mgongo ikifika saa ya kupima. Kwa Bezaleli, kumpa mwenzako ujuzi ni sehemu ya kipaji chenyewe.

Makanisani huku kwetu somo la hema linapendwa. Mhubiri huchora ua ubaoni, akaweka mlango mmoja upande wa mashariki na kusema mlango ni Kristo. Madhabahu ni msalaba, birika ni kuoshwa, kinara ni nuru ya ulimwengu, mikate ya wonyesho ni mkate wa uzima, uvumba ni maombi ya watakatifu, na ndani kabisa, nyuma ya pazia, sanduku na kiti cha rehema. (Majirani zetu Waislamu wanalijua sanduku hilo pia, ndilo Tabuti ya Surat al-Baqara.) Sina ugomvi na mchoro huo. Aliyeandika barua kwa Waebrania ndiye aliyetufungulia njia hiyo, na mimi nimelishwa nayo tangu utoto. Ninachosikitikia ni haraka yake. Mhubiri hafiki dakika ya tano kabla kila kigingi hakijapewa fumbo lake, na kamba fumbo lake, na ngozi fumbo lake, mpaka mwisho huoni tena kigingi wala kamba. Na mwandishi wa Waebrania hakufanya hivyo. Katika sura ya tisa anavitaja vyombo kimoja kimoja, akifika kwenye makerubi anasema kwamba hawezi sasa kuvieleza kila kimoja kwa urefu. Alijua pa kunyamaza.

Mimi ningeanza na fundi. Maana ya hema imo katika namna lilivyoshonwa na kuungwa.

Tazama kitambaa. Yalitengenezwa mapazia kumi ya kitani nzuri na nyuzi za samawi, zambarau na nyekundu, kila moja dhiraa 28 kwa nne. Matano yakaungwa pamoja, na matano mengine pamoja. Kwenye upindo wa kila fungu vikatiwa vitanzi 50, vikielekeana, na vifungo 50 vya dhahabu vikayashika mafungu mawili, maskani ikawa kitu kimoja. Mwulize fundi cherehani yeyote wa Chamazi maana ya vitanzi 50 kuelekeana na 50 kwenye kitambaa cha zaidi ya mita 12. Atakuambia kwamba ukikosea nusu kidole kwenye kitanzi cha tatu, cha hamsini hakitafika. Lazima pande zote mbili zipimwe kwa kipimo kimoja kabla sindano haijagusa nguo.

Juu ya kitani likaja hema la singa za mbuzi, mapazia 11, kila moja dhiraa 30. Hizo dhiraa mbili za ziada zilining'inia moja huku na moja huku ili kuifunika kitani chini. Na ukipiga hesabu kwa jinsi kitabu kinavyoeleza, pazia la sita likikunjwa mbele, kiungo cha singa hakiangukii juu ya kiungo cha kitani. Kinapita kando kwa dhiraa mbili. Mwezeka mabati anaelewa mara moja kwa nini. Juu yake tena ngozi za kondoo waume zilizotiwa rangi nyekundu, na juu kabisa ngozi ngumu za kuzuia jua na vumbi.

Kwa hiyo aliyepita nje aliona ngozi. Samawi na zambarau, na makerubi waliofumwa na fundi stadi, vilionekana na makuhani peke yao walipoinua macho ndani kwa mwanga wa taa saba. Kuna Wakristo wanaosoma hapo unyenyekevu wa Kristo, ambaye kwa macho hakuwa na umbo la kutamanisha, na utukufu wake ukawa ndani. Nauona usomaji huo ni wa haki kabisa, maana umetoka kwenye mpangilio wenyewe wa kazi. Bezaleli aliweka nguo ya gharama kubwa mahali ambapo watu wachache mno wangeiona, na hakuipunguzia hata uzi.

Kisha pazia. Kitabu kinasema litundikwe chini ya vile vifungo vya dhahabu, na hesabu inakubali: mapazia matano ya dhiraa nne nne yanafika dhiraa 20, na hapo ndipo Patakatifu panapokwisha. Sehemu iliyobaki ni dhiraa kumi kwa kumi kwa kumi, mraba kila upande. Pazia lenyewe lilifumwa makerubi. Kwa nini makerubi, na si maua au ndege? Kwa sababu mara ya kwanza tunapokutana nao ni mashariki mwa bustani ya Edeni, wamewekwa walinde njia ya mti wa uzima. Mfumaji wa jangwani aliichora Edeni iliyofungwa. Kuhani mkuu alilipita pazia hilo siku moja kwa mwaka, akiwa na damu, akiingia kutoka mashariki kuelekea magharibi, njia aliyofukuzwa Adamu akiirudia kinyumenyume.

Ndiyo maana Mathayo na Marko wanaposimulia kwamba Yesu alipokata roho pazia la hekalu lilipasuka vipande viwili, wanataja upande: kutoka juu hadi chini. Lilikuwa pazia la hekalu la Herode, karne nyingi baada ya Bezaleli, lakini lililinda mlango uleule. Kila aliyewahi kuchana kitambaa ameanzia pale mkono unapofika. Huu mpasuko ulianza pasipofika mkono. Na Waebrania inasema pazia ni mwili wake. Kwa fundi kauli hiyo haihitaji kukaza akili: nyuzi zilizosokotwa na kufumwa kwa muda mrefu, kisha zikakatika, na njia ikawa wazi. Yohana anaongeza jambo ambalo wahubiri wetu hawaligusi mara nyingi. Mariamu Magdalene alipochungulia kaburini aliona malaika wawili, mmoja kichwani na mmoja miguuni pale ulipolala mwili. Aliyekijua kiti cha rehema, chenye kerubi mmoja mwisho huu na mmoja mwisho ule, na katikati mahali patupu, hakuhitaji kuambiwa alichokiona.

Nirudi kwenye mbao, maana hapo Chamazi ina neno lake. Mbao za mshita zilikuwa 48, kila moja urefu wa dhiraa kumi, na chini ya kila ubao ndimi mbili zilizozama katika vitako viwili vya fedha. Hivyo ni vitako 96, na vinne vya nguzo za pazia, jumla 100. Kila kitako kilitumia talanta moja. Fedha hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwa hesabu ya wanaume 603,550, kila mmoja nusu shekeli, tajiri asizidishe na maskini asipunguze. Talanta ni shekeli 3,000. Kila kitako kilikuwa na sehemu ya watu 6,000. Nusu shekeli ile iliitwa fidia ya nafsi. Kuta zote za maskani, pamoja na dhahabu iliyopakwa kwenye mbao, zilisimama juu ya fidia, na hakuna mtu aliyeweza kunyoosha kidole na kusema kitako kile ni changu.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 watu wa Kurasini waliondolewa kupisha upanuzi wa bandari. Wenye nyumba walilipwa. Wapangaji wengi hawakuwa na cha kudai. Waliokuwa wakiweka akiba katika vikundi vya shirikisho la maskini wa mijini waliunda ushirika wa nyumba ulioitwa Muungano, wakisaidiwa na Centre for Community Initiatives, wakanunua ekari 30 hapa Chamazi. Matofali walijifyatulia wenyewe, wanawake wakiwa mstari wa mbele. Siwafananishi na Israeli kwa kuwapamba. Nasema kwamba anayeishi katika nyumba iliyoanza na akiba ya kila siku anajua kitako cha fedha ni nini kuliko msomi asiyewahi kuchangia msingi. Wanawake pia wamo katika Kutoka: ndio waliosokota nyuzi za samawi na singa za mbuzi kwa mikono yao, na birika la shaba lilitengenezwa kwa vioo vya wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Kuhani alinawa katika vioo vyao. Hapo tena sihitaji mtu anitafutie fumbo.

Kuna sura ambazo wasomaji wengi huziruka, za 36 hadi 39, kwa kuwa zinarudia karibu neno kwa neno maagizo ya sura za 25 hadi 31. Mimi naziona ndizo tamu kuliko zote. Katikati ya maagizo na kazi imesimama ndama ya dhahabu. Haruni alizipokea pete za masikio za watu, akazitengeneza kwa patasi, na Musa alipomwuliza, alijibu kwamba aliitupa ile dhahabu motoni na ndama akatoka. Hivyo tu: akatoka! Sijui kauli inayoudhi zaidi katika masikio ya fundi. Sanamu haina aliyeitengeneza. Kila mtu anaikana. Kisha watu walewale wanaleta tena pete na hereni, safari hii kwa Bezaleli, wanaleta mpaka Musa anapiga marufuku kuleta zaidi. Na sasa kila kitu kinatajwa pamoja na tendo lake: alitengeneza, alifuma, alipaka, alitia. Kurudia kule ni toba ya mikono. Kazi ikiisha Musa anaikagua yote, anaona imefanywa kama ilivyoagizwa, anawabariki mafundi.

Tena ilikuwa kazi ya kubomolewa. Vijana wetu wa maturubai, wanaofunga hema la msiba Mbande asubuhi na la harusi Mbagala Rangi Tatu jioni, wangezielewa sura za Hesabu kwa wepesi: Wagershoni wachukue vitambaa kwa magari mawili ya kukokotwa na ng'ombe, Wamerari mbao na vitako kwa manne, Wakohathi vyombo vitakatifu mabegani, bila gari. Miti ya kuchukulia sanduku haikutolewa kamwe kwenye pete zake, hata lilipokuwa limetulia. Mungu wa hema hili yuko tayari kuondoka na watu wake saa yoyote. Yohana anapotaka kusema Neno alifanyika mwili, anasema alipiga hema katikati yetu, na nadhani hakuna ishara katika maskani yote inayoizidi hiyo. Vinara na mikate na uvumba vinafuata baadaye.

Paulo naye alishona mahema. Huko Korintho alikaa kwa Akila na Prisila kwa sababu kazi yao ilikuwa moja, na barua yake ya pili kwa Wakorintho inauita mwili hema la duniani litakalobomolewa, mwenyewe akiwa anajua mshono unavyochoka jua likiupiga mwaka baada ya mwaka. Ningetamani wachungaji wa Chamazi, kabla ya kufundisha maskani, wakae mchana mmoja na seremala na fundi cherehani wa mtaani, wasikilize. Apolo alikuwa msemaji hodari, mwenye kuyajua Maandiko kuliko wengi. Alipofika Efeso, waliomchukua nyumbani na kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi walikuwa wale washona mahema wawili, Prisila na Akila.