Diski ya Pili

Kwanza niweke wazi: makala haya yanafichua nani anakufa katika Final Fantasy VII. Gemu ilitoka 1997. Kama hadi leo hujaambiwa, una marafiki wazuri kuliko wangu.

Mimi niliambiwa na kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ndani ya kibanda cha mabati Ukunda, mwaka 2004. Kibanda kilikuwa na TV mbili na PlayStation mbili za zamani, zilizofunguliwa na fundi ili zisome CD za kuchoma. Ulilipa shilingi 5 kwa mechi moja ya Winning Eleven, au 10 ukae kidogo na Tekken. Kwa biashara ya namna hiyo, gemu ya Kijapani inayochukua saa 40 kumalizika ni mkosi mtupu. Hakuna mwenye kibanda anayetaka wateja waje kusoma. Lakini ilikuwa likizo ya Aprili, masika yamechanganya, hoteli nyingi za Diani zimefunga, na hakuna mwenye hela mfukoni. Ami, mwenye kibanda, akaona bora mashine ifanye kazi kuliko ilale. Kaka naye alikuwa nyumbani kwa sababu hiyo hiyo ya mvua: alikuwa mhudumu wa hoteli, na msimu ukiisha wahudumu wanaambiwa warudi Julai.

Final Fantasy VII haina sauti za watu. Muziki upo, kazi ya Nobuo Uematsu, na hadi leo ukinipigia wimbo wa mwanzo nitakuacha ukiongea peke yako. Ila mazungumzo yote yamo kwenye visanduku vya bluu. Unabonyeza, unasoma, unabonyeza tena. Tulikuwa watoto kumi hivi, Kiingereza chetu cha darasa la nne, na kile cha kwenye gemu chenyewe kilikuwa na makosa ya wazi. Kaka akashika padi na kuwa DJ Afro wetu. Barret, yule mwenye bunduki mahali pa mkono, alipewa sauti ya makanga wa Likoni. Tifa akawa msichana wa Mji wa Kale asiyetaka kusumbuliwa. Sephiroth alizungumza polepole, kama mwalimu wa nidhamu aliyekwisha kujua nani kavunja dirisha. Shinra, ile kampuni inayofyonza uhai wa sayari ili Midgar iwake taa, haikuhitaji maelezo marefu. Siku zile kila baraza kutoka Ukunda mpaka Msambweni lilikuwa na hoja ya Tiomin, kampuni ya Kanada iliyotaka kuchimba titaniamu Kwale. "Hao ndio wale wale," alisema, akaendelea kucheza. Kama ilikuwa haki kuwafananisha au la, sisi tulielewa.

Gemu ina diski tatu. Ami alikuwa na ya kwanza na ya tatu. Kwenye kifuko cha ya pili mtu alikuwa amechomeka CD nyingine.

Mwisho wa diski ya kwanza, Aerith, msichana muuza maua, amepiga magoti anaomba. Sephiroth anashuka kutoka juu na ule upanga wake mrefu. Hakuna kelele. Cloud anambeba, anamlaza ndani ya maji, anazama taratibu. Baadaye kidogo kioo kinakuambia uweke diski ya pili. Tukaiweka. Ikapiga taarabu.

Kwa wiki mbili na nusu zilizofuata kaka alisimulia diski ya pili kwa mdomo, TV ikiwa imezimwa, sisi tumekaa kwenye kreti za soda. Aliitunga yote. Cloud alipita Kaya Kinondo na kufungwa kaniki nyeusi kama mgeni yeyote anayeingia pale. Barret aligombana na nahodha wa feri. Nasi kila jioni tulimwomba jambo moja: mrudishe Aerith. Kwenye gemu kuna dawa iitwayo Phoenix Down, inamwinua mwenzako akiangushwa vitani, na tulikuwa tumejaza nyingi. Mpe hiyo! Kaka alivumilia siku tatu nne, kisha akaniangalia mimi, si wale wengine, akauliza, "Kwani bibi amerudi?"

Bibi yetu tulikuwa tumemzika Msambweni mwezi wa pili mwaka ule. Hakuna aliyeomba tena.

Nimeanza huko kwa sababu watu wakizungumzia kuanguka kwa Square huanza na pesa, na stori ya pesa wanaijua wote. Mwaka 2001 Hironobu Sakaguchi, baba wa Final Fantasy, aliongoza filamu ya The Spirits Within, iliyotengenezwa Honolulu kwa kompyuta tupu. Iligharimu dola milioni 137 hivi, ikaingiza kama milioni 85. Studio ikafungwa. Aprili 2003 Square ikaungana na Enix, hasimu wake wa miaka mingi, wenye Dragon Quest. Sakaguchi akaondoka, Uematsu akaondoka 2004. Hapo mashabiki wengi hufunga kitabu: filamu iliua kampuni.

Mimi naona filamu ilikuwa dalili tu. Ugonjwa wenyewe ni kuogopa kimya. Square ya miaka ya tisini ilitengeneza wahusika vibonge, vidole hawana, nyuso hazibadiliki, kisha ikakuachia wewe ujue wanalia vipi. Ilikuwa inakuamini. Sehemu ya imani hiyo ilitokana na umaskini wa mashine, sikatai. Lakini umaskini huo ulimwachia nafasi mtu kama kaka yangu, mhudumu wa hoteli asiye na kazi masika, akaingia katikati ya gemu iliyotoka Tokyo na kuifanya yetu.

Mwaka 2001 hiyo hiyo ikaja Final Fantasy X kwenye PlayStation 2, na wahusika wakaanza kusema kwa sauti zao. Tuwe wakweli, ni gemu nzuri. Nililia. Ami aliipata miaka mitatu minne baadaye, kaka akaketi na padi yake, mhusika wa kwanza akafungua mdomo, na kaka akanyamaza. Alijaribu kutafsiri juu ya sauti, lakini mazungumzo yanakwenda kwa mwendo wa mwigizaji, hayakusubiri. Baada ya nusu saa akampa padi mtoto mwingine, akatoka nje kuvuta sigara. Ramani kubwa ya dunia, ile ya kutembea ukipotea, nayo haikuwepo tena. Ulifuata njia.

Kufikia Final Fantasy XIII, 2009, njia imekuwa ukumbi mwembamba. Ni maridadi, ukumbi wa hoteli ya nyota tano, lakini unatembea mbele tu, unaoneshwa filamu, unatembea tena. Ya XV ilitangazwa 2006 kwa jina lingine na kutoka 2016, na hata baada ya miaka kumi vipande vya hadithi ilibidi uvitafute kwenye filamu na katuni za pembeni. Ukiuliza kwa nini mfalme fulani amekufa, jibu ni kwamba ulitakiwa uwe umetazama kitu kingine. Diski ya pili haikuwepo huko pia, ila safari hii ni mwenye kampuni aliyeichukua akaiuza kando.

Kuna mtu atanikatiza: na XIV je? Ndiyo. Ilizinduliwa 2010 ikiwa mbovu, Naoki Yoshida akakabidhiwa, wakaizima kabisa na kuirudisha upya 2013, na ni kati ya mambo ya heshima zaidi ambayo kampuni kubwa ya gemu imewahi kufanya. Kukiri mbele ya wateja kwamba umekosea, ukabomoa, si jambo dogo. Ila ile ni gemu ya mtandaoni, seva zake ziko Japani, Marekani Kaskazini, Ulaya na Oceania, na malipo ni ya kila mwezi. Kutoka Ukunda unaisikia tu kama harusi ya jirani.

Kilichotufikia sisi ni cha simu. Hili wachambuzi wa Ulaya na Marekani hulipita haraka kwa kuwa wao wana mashine kubwa sebuleni, lakini kwa kijana wa Mwabungo, Square Enix ni ikoni kwenye simu ya Android. Na kwenye simu walituletea bahati nasibu: unalipa, unazungusha, labda unampata Cloud, labda unapata mtu usiyemjua. Opera Omnia, iliyowakusanya mashujaa wa gemu zote hizo mahali pamoja, ilifungwa Februari 2024, na ilipofungwa, uliyekuwa naye hukubaki naye. CD ya kuchoma ya Ami ilikuwa ya wizi, nakubali, lakini haikuwahi kuamka asubuhi moja ikaamua kwamba haipo.

Unaweza kuniambia ninalilia utoto wangu. Nilijishuku hivyo hivyo. Kwa hiyo 2016, Final Fantasy VII ya mwaka ule ule wa 1997 ilipoingia kwenye Android, niliinunua kihalali kwa mara ya kwanza maishani na kuicheza kwenye matatu, Ukunda kwenda Msambweni na kurudi, nilikokuwa na kibarua. Miaka 22, hakuna kreti za soda, hakuna kaka. Kipindi hicho uchimbaji wa titaniamu ulikuwa umeshaanza kweli, chini ya Base Titanium, shehena ya kwanza ilikwishasafirishwa 2014, na barabarani ungekutana na malori ukiwa na Shinra mkononi. (Uchimbaji huo umeisha Desemba 2024. Midgar ilipata mwisho wa kishindo zaidi.) Nikafika diski ya pili. Siyo ya kaka hata kidogo. Cloud anapotea, anapatikana akiwa hajitambui, kwenye kiti cha magurudumu, na Tifa anaacha kila kitu amkalie. Kisha anaingia ndani ya kumbukumbu zake na kugundua kwamba nusu ya aliyokuwa akijisifia ni maisha ya mtu mwingine. Nimesoma riwaya chache zenye ujasiri wa kumvua shujaa nguo kiasi hicho. Yote kwa visanduku vya bluu, mistari miwili mitatu. Na Aerith harudi. Mtu aliyeandika diski ya pili Tokyo na mtu aliyeitunga Ukunda walikubaliana kwenye jambo hilo bila kuonana.

Ndiyo maana Rebirth ilinikera kuliko ubovu wowote. Square Enix iliamua kuitengeneza upya VII kwa mafungu matatu: Remake ya 2020, Rebirth ya Februari 2024, na la tatu linakuja. Niliicheza Rebirth Diani, kwenye duka la gemu linalotoza kwa saa, kwa hiyo mambo hayajabadilika sana. Inakuja na diski mbili, na ya pili ipo, niliiangalia. Ni gemu kubwa, yenye mapenzi, yenye vichekesho. Walioitengeneza wanajua kazi. Halafu unafika pale kwa Aerith na upanga, na kampuni inashikwa na woga. Cloud anauzuia upanga. Hapana, haukuzuiwa, kuna damu. Hapana, kuna ulimwengu mwingine ambamo yuko hai, na Cloud anamwona, wenzake hawamwoni. Picha zinapishana, muziki unapanda, na unamaliza saa nyingi za maisha yako hujui kama uko msibani au la.

Watetezi wake wanasema huo ni utata wa kisanii, kwamba Cloud ni mtu aliyevunjika na sisi tunaona kwa macho yake. Nimeusikiliza huo utetezi kwa nia njema. Ungenishawishi kama kifo chenyewe kingekuwa imara na akili ya Cloud ndiyo inayoyumba. Hapa vyote vinayumba, na vinayumba kwa mtindo wa mtu anayeweka mlango wazi ili fungu la tatu liuzike kwa pande zote mbili, wanaotaka arudi na wanaotaka asirudi. Watoto kumi wanaomlilia mrudishe, mrudishe, wamekuwa milioni kadhaa, na anayesimulia hana ubavu wa kuwaangalia usoni.

Sakaguchi mwenyewe, kwa anayejali, alitoa Fantasian mwaka 2021 akiwa na studio yake ndogo, Mistwalker: mandhari ya vinyago vilivyojengwa kwa mikono na kupigwa picha, na kurasa za hadithi za kusomwa kimya kimya. Desemba 2024 Square Enix iliichapisha upya kwa mashine nyingine. Wameiongezea sauti.

Kaka yuko Doha sasa, mlinzi wa jengo, zamu ya usiku. Nilimrekodia ule mwisho wa Rebirth kwa simu, kwenye kioo cha duka, nikamtumia WhatsApp. Hakuwa ameiona VII tangu kibanda cha Ami. Alijibu baada ya siku mbili kwa sauti, nyuma yake kiyoyozi kikinguruma. Kwanza akamsifu yule aliyechora maji. Kisha akauliza, "Sasa huyu amekufa ama hajafa?" Nilianza kumweleza habari za ulimwengu mwingi, nikafuta, nikaanza tena, nikafuta. Nikiwa bado naandika, akatuma nyingine fupi: lifti imekwama na mtu ndani, atanitafuta.