Raga Isiyomwangusha Mtoto

Mwambie mzazi wa Kikwajuni kwamba mwanawe wa miaka saba anakwenda kufundishwa raga, uone uso wake. Atakachokifikiria ni yale majitu ya Kenya kwenye televisheni, timu ya wachezaji saba iliyoichapa Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore mwaka 2016. Ana haki ya kusita. Ila raga ya umri huo, raga ya utepe, ni mchezo mwingine kabisa, na namna ulivyoundwa inatuhusu sisi wa Unguja, maana ulizaliwa na shida tunayoijua vizuri: ardhi ngumu.

Wanajeshi wa Kiingereza waliokaa kwenye bandari za Mediterania kama Gibraltar walikuwa na mpira na muda wa kucheza, lakini uwanja wenye majani hawakuwa nao. Kumwangusha mtu pale ni kumchuna ngozi. Basi wakawa wanachomeka kitambaa kiunoni, na anayekinyofoa anahesabiwa amemkamata mwenye mpira. Habari hiyo Barry Johns, aliyewahi kuwa mwanajeshi, alimsimulia mwalimu wa Plymouth aitwaye Nick Leonard. Mwaka 1990 Leonard akautungia mchezo huo kanuni za watoto: mkanda mmoja, tepe mbili za kunata, moja kila upande wa nyonga. Mwaka uliofuata watoto wa shule za msingi wakacheza tamasha la kwanza huko huko Plymouth. Leo tepe hizo utazikuta kwenye mitaa duni ya Nairobi, wanakofanya kazi Shamas Rugby Foundation, na katika shule za Uganda zilizofikiwa na Tag Rugby Trust.

Tazama linavyokwenda tukio moja. Mtoto anakimbia na mpira mikononi. Mpinzani ananyofoa utepe, anaunyanyua juu na kupiga kelele. Mwenye mpira anafunga breki ndani ya hatua tatu hivi na kumpasia mwenzake aliye nyuma. Kisha mnyofoaji anarudisha utepe mkononi mwa mwenyewe, nao hawaruhusiwi kuingia tena mchezoni mpaka utepe urudi mahali pake. Hakuna kupiga mpira teke, hakuna kusukumana wala kumzuia mtu kwa kiganja. Ninachokipenda zaidi ni huko kurudishiana utepe: wapinzani wawili wanasimama uso kwa uso sekunde mbili, hasira inapoa, na beki anaadhibiwa kidogo kwa kutoka nje ya mstari wake. Kanuni moja inafanya kazi tatu.

Wapo makocha wanaouchukulia utepe kama chumba cha kusubiria, kana kwamba raga yenyewe ni kukumbana. Mimi naona wamekosea. Jambo gumu kuliko yote katika raga ni kukimbia mbele huku pasi inakwenda nyuma, na mtoto aliyekulia kwenye chandimu anaona huo ni wazimu. Mguu wake na jicho lake vimezoea kumtafuta mwenzake aliye mbele. Ukimwongezea hofu ya kuangushwa kabla hajalizoea hilo, atafanya moja kati ya mawili: atautupa mpira popote, au ataukumbatia asiuachie. Utepe unaiondoa hofu na kuliacha swali lile gumu peke yake.

Upande wa kukwepa, watoto wetu hawana haja ya kuanza na alifu. Msichana aliyezoea nage, anayesimama katikati huku mpira ukimjia kutoka pande zote mbili, tayari anajua kuinama, kugeuza nyonga na kubadili mwelekeo kwa hatua moja. Nyonga ndiyo inayobeba utepe. Kwa hiyo ningeanza na wasichana wa nage kabla ya wavulana wa kandanda. Tahadhari ni ya mavazi tu: shati liingie ndani, na ushungi mrefu ufungwe usifunike tepe, la sivyo refa hatajua nani kanyofolewa. Mkanda wa velkro ukikosekana, vipande vya kanga kuukuu vinatosha, vichomekwe kwenye kiuno cha suruali vining'inie bila kufungwa fundo.

Sasa uwanja. Mnazi Mmoja na Maisara ni pakavu na wenye kandanda wamekwishapajaza. Upande wa maweni ni mawe matupu. Mchanga wa pwani ya mashariki, Paje hadi Jambiani, maji yakishatoka ni mpana na mgumu kiasi cha kukimbilia peku. Lakini ratiba haipangwi kwa saa ya ukutani. Maji hucheleweka karibu dakika 50 kila siku, na kupwa kwa bamvua si sawa na kwa maji mafu. Kocha anayetaka kipindi chake kiangukie baada ya alasiri, watoto wawe wametoka chuoni na magharibi haijaingia, atapata siku chache nzuri katika kila nusu mwezi. Azitumie hizo, na akae mbali na vigingi vya mwani vya akina mama.

Kuhusu ngazi za umri, Uingereza wamezipanga kwa makini. Chini ya miaka 7 wanacheza wanne kwa wanne, chini ya miaka 8 sita kwa sita, wote kwa utepe. Kukabana kwa mwili kunaingia chini ya miaka 9, timu ikiwa na watoto saba. Skramu ya watatu inafuata chini ya miaka 10. Mpira nao hukua: namba 3 kwa wadogo, namba 4 kuanzia chini ya miaka 10. Ngazi hizi zimekadiriwa kwa viwanja laini vya kwao, na hapa ningeuchelewesha mkabano, hata kama wapo watakaonikumbusha kwamba Makunduchi watu wazima huchapana mabua ya migomba kila sherehe ya Mwaka Kogwa na maisha yanaendelea.

Utakapofika wakati wake, somo la kwanza la kukabana ni kuanguka: kidevu kifuani, bega likitangulia, mkono usinyooshwe kuidaka ardhi. Hilo Unguja linafundishwa tayari. Tsuyoshi Shimaoka kutoka Japani alianza kufundisha judo hapa miaka ya 1990, na kila anayeingia kwenye judo hufundishwa kuanguka kabla hajafundishwa kumwangusha mtu. Kwa hiyo kocha wa raga wa Unguja asianze kuomba fedha za magodoro. Aanze kwa kuwaomba watu wa judo wampe nafasi kwenye mikeka yao.