Kaye ya kilio: namna mutualite zetu zinaishi na namna zinakufa

Katika vitabu vyetu vya desturi tumezoea sana kusifu. Leo tunaomba ruhusa ya kupima. Jambo lenyewe ni mutualite, vile vikundi vya kusaidiana vilivyojaa kwetu Naviundu. Tunauliza: kitu gani kinafanya kikundi kidumu, na kitu gani kinakiua?

Naviundu ni kartie ya komini Annexe, ile inayozunguka komini zingine sita za Lubumbashi. Ni nusu mji, nusu kijiji. Asubuhi wengine wanaenda mjini kutafuta franga, wengine wanabaki kwenye bustani ya mboga, kwenye matofali ao kwenye makala. Wenye mshahara wa kila mwezi ni wachache. Wazee waliotumikia Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, na nyuma yake Gécamines, wanakumbuka wakati kampuni ilitoa nyumba, unga na hospitali. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Tangu hapo jamaa nyingi, mtu akifa, haziulizi tena kampuni itafanya nini. Zinauliza kikundi.

Namna kikundi kinatembea

Kila mmoja wetu anajua muundo wake. Kuna prezida na makamu wake, sekretere, trezorie, mama mmoja anayesimamia wamama, na wazee wa shauri. Watu wanakutana siku ya Mungu nyuma ya misa ao ibada, wanatoa kotizasio, sekretere anaandika ndani ya kaye. Tusichanganye na likelemba. Katika likelemba kila mtu ana zamu yake ya kupokea, hata kama hana shida. Katika mutualite anayepokea ni yule aliyepigwa na ugonjwa ao kifo, na anayeomba Mungu asipokee kamwe ndiye mwanachama mwenye bahati.

Lakini kaye ya pesa ni nusu tu. Kuna kaye ya pili, ile ya kilio, na mara nyingi haiandikwi, iko ndani ya vichwa vya wamama. Nani alileta unga na makala? Nani alikesha inje pamoja na wanaume? Kijana wa nani alienda kutafuta viti na turubai? Mtu anayetuma kotizasio kila mwezi bila kuonekana, siku yake ikifika watamletea haki yake, watasalimia, watarudi kwao mapema. Watu wanasema: "Ule anajua franga, hajue bantu." Ni hukumu kali, na kwa maoni yetu ni ya haki. Kikundi kinachohesabu pesa peke yake kimekuwa benki ndogo isiyo na mlinzi.

Sheria ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya vyama visivyotafuta faida inaomba wanachama wasiopungua saba, statuti, na kibali cha waziri wa haki. Ni vizuri kuifuata. Lakini tumeona vikundi vyenye mihuri mizuri ambavyo havina mtu wa kulala kiliyoni, na vikundi vya kaye moja iliyochakaa ambavyo havijashindwa kuzika hata mara moja.

Desturi gani ya babu?

Hapa njo tunataka kubishana na wakubwa wengine. Ukiwauliza sababu gani kikundi chao kinapokea watu wa kabila moja tu, wanajibu: ni desturi ya babu. Tuangalie basi.

Upande wa Luapula, Moero na Bangweulu kulikuwa na Butwa. Mmisionari Dugald Campbell aliandika juu yake mwaka 1914. Mtu aliingia Butwa kwa kufundwa, mwanaume na mwanamke, na haikufungwa ndani ya ukoo mmoja. Wamisionari waliipiga vita kwa sababu ya ngoma na siri zake, lakini wenyewe ilikuwa inawakusanya kwa furaha na kwa kifo. Kwa Babemba kuna banungwe, koo zinazotaniana: ukoo mmoja ukifiwa, kazi za mazishi zinasaidiwa na ukoo mwingine, ule wa utani. Yaani babu mwenyewe alijua kwamba aliyefiwa anahitaji mikono isiyo ya damu yake.

Nyuma, mji ulipozaliwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ikaja Mbeni, ngoma iliyoanzia pwani ya Kenya, pamoja na wafalme na magavana wake wa mchezo. Serikali ya Wabelgiji iliiogopa, lakini wafanyakazi walikuwa wanasaidiana ndani yake kwa ugonjwa na kwa mazishi. Na mwaka 1965 chama cha waliokuwa maboi wa wazungu kilimpa André Yav kazi ya kuandika historia ya mji kwa Kiswahili chetu, ile "Vocabulaire de ville de Elisabethville." Chama hicho kilisimama juu ya kazi, si juu ya kabila. Wanachama wake wengi bila shaka wamekwisha kuzikwa, lakini maandishi yao yanasomwa mpaka leo.

Mutualite ya kabila ni mtoto wa mji, haikutoka kijijini. Hatusemi ni mbaya. Mgeni aliyeshuka kwenye gari la moshi alihitaji mtu wa luga yake. Lakini tusiipe miaka ambayo haina.

Wakati kikundi kinakuwa ngazi

Hatari yake tunaijua. Baada ya uchaguzi wa komini wa mwaka 1957, vyama vya makabila viliungana mwaka 1958 ndani ya Conakat, na jina lenyewe lilisema hivyo: muungano wa vyama vya makabila ya Katanga. Balubakat ya Jason Sendwe iliingia mwaka 1959, ikatoka mwaka ule ule. Vikundi vya kuchangia sanduku vikawa vya kuhesabu kura, na tarehe 11 Julai 1960 Katanga ikajitenga, ikafuatiwa na vita. Tena mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa kwa maelfu na maelfu. Majirani waliokesha pamoja kwa miaka mingi waligawanywa kwa kabila, na siye wote tuliona vilio vilivyokosa watu.

Hata leo, uchaguzi ukikaribia, mgombea anakuja na mifuko ya unga, anapewa kiti cha mbele, prezida anapigiwa makofi. Wiki ijayo kotizasio inashuka, kwa sababu watu wanasema: "Mukubwa atalipa." Akishindwa uchaguzi haonekani tena, na kikundi kimepoteza zoezi la kuchanga. Zawadi kubwa inaua kikundi kuliko umaskini.

Ugonjwa mwingine ni prezida wa milele. Anashika kaye, anashika sanduku la pesa, anashika muhuri. Vijana wanaletwa kubeba viti tu, halafu tunashangaa kwamba wanakimbilia vikundi vya mpira ao vya simu.

Tunashauri nini

Kwanza, kaye isomwe kwa sauti kila mkutano, pesa na kilio pamoja, na anayesoma asiwe yule anayeshika pesa. Pili, komite iwe na miaka inayojulikana, na sekretere awe kijana, msichana ao mvulana. Tatu, mgombea akitaka kutoa, atoe kiasi kile kile cha mwanachama yeyote, tena aandikwe kwa mstari wake kama wengine. Nne, jirani wa avenyu apokelewe hata kama luga yake ni ingine, mradi alete mchango na alale kiliyoni.

Wazee watakaokataa jambo hili la nne, tunawaomba wafungue kaye yao wenyewe. Waangalie kilio cha mwisho cha nyumba yao: nani alifika wa kwanza usiku ule, na alikuwa wa kabila gani?